Mwulize Mchungaji: Mabati Kumi na Mawili

Bwana Yesu asifiwe. Toleo lililopita msomaji mmoja aliniuliza kama nauona uamsho ukija katika kanisa letu. Nilimjibu kwa mistari sita tu, na katika mstari wa nne nikataja, kama mpita njia, kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuwa mwizi wa mabati. Mhariri alinipigia simu kuuliza kama tuufute mstari huo. Nikamwambia auache. Sasa ameniletea bahasha nene, na simu yangu imejaa ujumbe. Karibu nyote mmeiruka ile mistari mitano mkaukamata mmoja. Haya, tuuzungumze. Barua nimezichagua chache, nimezifupisha, na majina nimeyaacha nyumbani kwa wenyewe.

Shikamoo Baba Mchungaji. Mimi ni mzee wa kanisa huku Moshi vijijini. Uliyaiba wapi mabati hayo, na imekuwaje ukaendelea kuvaa joho mpaka kustaafu? Uniwie radhi kwa kuuliza waziwazi. (Mzee wa kanisa, Moshi)

Marahaba, mzee mwenzangu. Mimi ndiye niliyelianzisha, huna haja ya kuomba radhi.

Nilitoka chuo cha theolojia cha Makumira nikawekewa mikono mwaka 1978, nikapangiwa usharika kaskazini mwa Mto Kagera, upande wa Missenyi. Sikumaliza hata miezi mitatu. Oktoba majeshi ya Idi Amin yakaingia, nasi tukavuka kuelekea kusini na watoto mgongoni, na daraja la Kyaka likavunjwa nyuma yetu. Tuliporudi mwaka uliofuata tulikuta migomba imefyekwa, ng'ombe hawapo, na nyumba nyingi zimebaki kuta tupu. Ilikuwa ile miezi 18 ambayo Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda. Sabuni ilikuwa habari ya kusimuliana.

Ukaja msaada wa mabati. Kila nyumba iliyoezuliwa ipewe bati 12. Orodha iliandikwa mezani kwangu, kwa kalamu yangu, kwa kuwa mchungaji ndiye aliyeaminika. Baba yangu alikuwa akiishi kusini, mbali na mto. Vita haikumgusa. Ila nyumba yake ilikuwa ya nyasi, na mimi ndiye mwanawe pekee aliyekwenda shule mpaka mwisho. Kila nilipomtembelea majirani waliniuliza, "Mchungaji, mzee ataezeka lini?" Nikalitafuta kwenye orodha jina la mjane asiyekuwa na mtoto wa kiume wa kuja kupiga kelele. Nikalikata. Bati zake 12 zikapanda lori lililokuwa likirudi Bukoba mjini.

Januari 1980, Alhamisi alasiri, mjane yule akabisha hodi. Alikuwa mlokole, wa wale wa ushirika wa uamsho. Alibeba mayai matano ndani ya kikapu. Akakaa ukingoni mwa kiti, akasema: "Baba Mchungaji, nimekuja kutengeneza mambo nawe. Nimekuchukia miezi saba. Nilidhani wewe ndiye uliyenikata kwenye mabati. Shetani alinidanganya. Naomba unisamehe."

Nikasema, "Nimekusamehe, mama." Na mayai nikayapokea.

Nimehubiri mahubiri mengi sana maishani, lakini sijawahi kutamka maneno mabaya kuliko hayo mawili. Nilikaa nayo miezi tisa. Pasaka ya mwaka ule nilikwenda kulala kwa baba. Bati 12 hazikutosha nyumba nzima, kwa hiyo upande mmoja ulikuwa bati na mwingine nyasi, na kwa kuniheshimu wakanitandikia kitanda upande wa bati. Masika yalikuwa yamekolea. Wasomaji mliokulia chini ya bati mnajua mvua ya usiku inavyosema. Ilisema mpaka alfajiri.

Oktoba nikaenda kwa yule mama. Nilimkuta akipalilia maharage. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama shambani na viatu vyangu vya kanisani. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa sawa." Akalia kidogo. Halafu akafuta uso kwa kitenge na kusema, "Basi ule msamaha wako uchukue mwenyewe. Sasa mimi nikupe wangu."

Baada ya hapo nilikwenda kwa wazee wa kanisa, kisha kwa mkuu wa jimbo. Nilisimamishwa huduma miezi sita. Nilikaa benchi la nyuma, sikugusa Chakula cha Bwana, na siku ya kurejeshwa nilipiga magoti mbele ya usharika mzima. Hapo ndipo nilipong'amua jambo ambalo bado linanichoma: magoti yale yalikuwa ya mabinti. Miaka yote tulikuwa tukiwapigisha magoti wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa, tukiwaita "waliorudi kundini", na wavulana wao wakiwa kwaya wanaimba besi. Mwizi wa mali ya mjane hatukuwahi kumpigisha magoti hata mmoja. Mimi nilikuwa wa kwanza, na ni kwa sababu nilijipeleka.

Kwa nini sikuvuliwa joho moja kwa moja? Sijui, mzee wangu. Walioamua wengi wamelala. Kama ningekuwa mimi katika kikao kile, nadhani ningepiga kura livuliwe.

Na mzee wako alisemaje ulipoezua? (Msomaji, Bukoba)

Hakusema. Nilifika kuyachukua mabati ya mjane, na ngazi ya kuazima na nyundo ya kung'olea misumari. Nikamweleza nikiwa chini. Akaingia ndani, akatoa kigoda chake, akakaa chini ya mgomba kunitazama nikifungua bati moja moja. Misumari ya bati ukiing'oa vibaya unapasua tundu, na mimi si fundi. Zote 12 zilishuka, tatu zikiwa zimechanika. Nikaenda kununua tatu mpya kwa kuuza shati langu zuri na redio.

Upande ule niliuezeka kwa nyasi pamoja na binamu yangu, kwa siku mbili. Baba hakunitamkia neno karibu mwaka mzima. Salamu aliitikia, kwa sababu salamu hainyimwi mtu. Sikumlaumu. Kwake yeye mwana alikuwa amemvua nguo mbele ya majirani. Ukienda kutubu, jua kwamba kuna mtu pembeni ambaye hakuiba chochote naye atalowa.

Mimi ni mwanafunzi wa theolojia. Wazee wetu husema "uamsho" wakimaanisha ule wa miaka ya 1930. Sisi tukisema uamsho tunamaanisha mkesha. Wewe unamaanisha upi? (Mwanafunzi, Iringa)

Mwanangu, mimi nimelelewa na ule wa zamani, na nitakupa historia yake kwa ufupi kwa sababu naona vyuoni mnajua zaidi habari za Wittenberg ya Luther kuliko za Gahini.

Mwaka 1929 katika kilima cha Namirembe, Kampala, walikutana watu wawili wenye kiu. Mmoja alikuwa daktari Mwingereza, Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, na aliyekuwa amechoka roho. Mwingine alikuwa Mganda, Simeoni Nsibambi. Wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Hapakuwa na jukwaa wala spika. Moto ukashika Gahini miongoni mwa wauguzi na walimu, ukapanda Kigezi, ukaenea Uganda, mwaka 1937 ukaingia Kenya, na kwetu Bukoba ukavuka ukipitia Katoke. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alilibebea kanisa la Uganda neno moja, "Zuukuka!", yaani amka, akafa mwanzoni mwa 1936 kabla hajalisema mbele ya sinodi. Neno likasema lenyewe. Watu wakaitwa balokole, waliookoka, na mwanzoni halikuwa jina la sifa.

Sasa sikiliza walichofanya, maana hapo ndipo kiini kilipo. Walirudisha vitu. Majembe, mbuzi, blanketi za hospitali, fedha za mwajiri. Mpishi alimwendea bibi wa misheni akamwambia sukari iliyopungua niliila mimi. Na mmisionari naye alimwendea mpishi akamwambia nimekudharau kwa rangi yako. Hilo la pili katika koloni la mwaka 1935 lilikuwa muujiza mkubwa kuliko kiwete kutembea. Waliita "kutembea nuruni", kutoka 1 Yohana 1:7: "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi." Ushirika unakuja baada ya nuru. Siku hizi tunautafuta ushirika huku taa zimezimwa.

Watu wa uamsho ule ndio waliokataa kula kiapo cha Mau Mau Kenya na wakakataa pia kushika bunduki ya serikali, wakauawa na huku wakishukiwa na kule. Ndio waliomzaa kiroho Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Kampala tarehe 16 Februari 1977. Na Askofu Festo Kivengere, aliyekimbia Uganda baada ya kifo hicho, kisha akaandika kitabu ambacho jina lake linasema anampenda Idi Amin. Mimi niliyekimbizwa na huyohuyo Amin sikukipenda kitabu kile kwa muda mrefu. Askofu wetu Josiah Kibira, ambaye mwaka huohuo wa 1977, pale Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alikuwa mtu wa uamsho huo.

Walikuwa na kasoro zao. Walipimana kwa mavazi. Waligeuka kundi ndani ya kanisa, ndugu na wasio ndugu. Kule Uganda baadaye waligawanyika, na mojawapo ya mambo waliyogombania ni kama Mkristo aruhusiwe kukopa. Mtu hufika mahali akaanza kuchunguza madaftari ya wenzake na la kwake likaota vumbi.

Mkesha siukatai. Ila ukitoka mkesha asubuhi na bado una jembe la jirani, kalale, jioni uanze upya.

Mchungaji, mimi ni mwalimu. Babu yangu alikuwa mlokole, nami nimekua nikiusikia uamsho. Lakini uamsho huo ulizaliwa Rwanda, na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 tuliyaona wenyewe. Usinipe jibu la mimbarini. (Mwalimu, Ngara)

Sitakupa. Wewe wa Ngara uliyaona kwa macho yako, pengine kuliko mimi.

Nilipelekwa kambi ya wakimbizi ya Benaco Mei 1994, wiki chache baada ya ile siku ambayo watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa saa 24. Sijawahi kuona mji ukizaliwa kwa siku moja: moshi, turubai za buluu, miti yote imekwisha kukatwa. Mtoni miili ilikuwa ikipita kuelekea ziwani, na watu wa kwetu Bukoba waliacha kula samaki. Sisi tuliokuwa tukiimba habari za damu isafishayo tuliyaona maji yenyewe yana damu.

Jioni tulikusanyika chini ya turubai, wachungaji na wazee, Wanyarwanda na sisi. Wakaanzisha Tukutendereza Yesu, wimbo wa uamsho ambao toka Gahini mpaka Dodoma kila mlokole anaujua kwa Kiganda hata kama hajui neno jingine la Kiganda. Tukashikana mikono kama desturi. Na pale, katikati ya ubeti, niligundua kwamba sijui nimeshika mkono wa nani. Kambini walikuwamo waliokimbia kuuawa na walikuwamo walioua, wamevuka daraja moja. Wote walijua maneno ya wimbo. Nilimaliza ubeti huku mkono wangu ukiwa umekufa ganzi.

Nimelifikiri jambo hili miaka mingi kuliko nilivyofikiri jambo lolote. Nadhani, na hili ni langu binafsi, tulifundishana kutubu dhambi zenye kimo cha mtu mmoja. Pombe. Uzinzi. Hirizi. Hasira. Mabati. Hatukufundishana kutubu kabila. Mtu aliweza kusimama akaungama kwamba aliiba ndizi, akashangiliwa, akakaa, na chuki aliyorithi kwa baba yake dhidi ya jirani haikuguswa, kwa sababu haikuonekana kama dhambi. Ilionekana kama historia. Na makanisa yalikuwa yamezoea kukaa karibu na meza ya wakubwa. Nyarubuye, ambako watu waliuawa kanisani walikokimbilia, si mbali na pale Rusumo.

Walikuwapo Wakristo waliokataa kutenganishwa Mhutu huku na Mtutsi kule, wakafa pamoja. Babu yako angewatambua kuwa ndugu zake. Lakini sitawatumia wao kufunikia wengine. Ukiniuliza kama uamsho ulishindwa Rwanda, nitakujibu ndiyo, mahali ambapo tuliukomesha kabla haujafika.

Mume wangu ameokoka mwezi uliopita na anataka kusimama kanisani aungame kwamba alizini. Mimi ameshaniambia. Naona aibu hata kutoka nje. Nifanye nini? (Mama, Dodoma)

Mwanangu, pole sana. Mwambie hivi, na kama hataki kusikia kwako, mwonyeshe gazeti: kuungama kwake kunaishia pale kosa lilipofika. Amekukosea wewe, amekuambia wewe. Pengine bado kuna kupima afya pamoja, na kama kuna mtoto nje, kuna matunzo. Hayo ndiyo madhabahu yake sasa. Akisimama kanisani ataungama dhambi yake kwa aibu yako, na hiyo ni kukopa mara ya pili kwa mtu uleule.

Nimewaona katika mikutano ya zamani wanaume wakieleza uzinzi wao kwa utamu, wakitaja hata mtaa. Watu wakiitikia "Asifiwe!" na mke kaketi pale, macho chini. Mimi niliungama mbele ya usharika kwa sababu mali ilikuwa ya usharika. Kipimo ni hicho tu.

Na wewe hulazimiki kumsamehe kwa ratiba ya mchungaji wake. Chukua muda.

Assalaam aleikum mzee. Mimi ni Mwislamu, mke wangu Mkristo, safu yako tunaisoma wote. Kwetu toba ya haki ya mtu haitimii mpaka haki yake irudi au akusamehe. Kwenu je? (Msomaji, Tanga)

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kwetu imeandikwa vilevile, ila tumeisoma kwa haraka. Zakayo mtoza ushuru alisema "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne". Tunawafundisha watoto jinsi alivyopanda mti, na mara nne tunaiacha juu ya mti. Kwa hesabu ya Zakayo nilidaiwa bati 48. Nilirudisha 12. Msalimie mama.

Bwana asifiwe baba. Wazee mnasema vijana tunafuata manabii na mafuta. Je, si kwa sababu makanisa yenu yamepoa? Au mna wivu na umati? (Kijana, Mbagala)

Amina. Vyote viwili. Mchungaji asiyeonea wivu umati bado sijamwona, na mimi nikipita penye hema kubwa huhesabu magari.

Mmeondoka kwetu kwa sababu mlikuja na jambo linalouma, kazi hakuna, mimba haikai, ndoto mbaya usiku, nasi tukawapa matangazo ya dakika 40 na mnada wa ndizi. Kule aliwashika kichwa mtu akawaita kwa jina. Hilo lilikuwa kosa letu.

Lakini Februari 2020 pale Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakigombea kukanyaga mafuta yaliyomwagwa chini. Ninazijua nyumba kama za watu wale. Ni watu walewale ninaowazika. Neno langu kwako si kwamba mafuta ni mabaya. Yakobo anataja mafuta. Angalia tu ni nani anayeondoka pale na fedha na ni nani anayeondoka bila nauli. Na ukiona kiongozi ambaye hajawahi, hata mara moja, kusema mbele yenu "hapa nilikosea", usimwachie kadi yako ya benki. Hata kama ni mimi.

Baba, kuna wakati ulitaka kuacha imani? Sema kweli. (Muuguzi, Mwanza)

Wewe muuguzi unajua swali liko wapi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi hii walitambuliwa kwetu Kagera mwaka 1983. Watu waliuita "Juliana", kwa jina la nguo za magendo zilizokuwa zikitoka Uganda, kana kwamba ni kitu cha kununua. Kufika 1988 kulikuwa na wiki nilizika mara tano. Fundi wa majeneza alihamia karibu na kanisa. Nilizika kwaya. Sisemi kwa mfano. Sauti ya pili yote ilikwisha.

Sikuacha imani, niliacha kuomba. Kwa miaka mingi niliongoza ibada kutoka kitabuni, kwa kuwa maneno ya kitabu hayakuwa yangu na hivyo sikuwa mwongo. Na nina kitu cha kuungama hapa: miaka ile ya kwanza nilihubiri kaburini kwamba ni hukumu. Nilisema hivyo juu ya jeneza la binti wa miaka 19, mama yake akisikia. Mwaka 2003 nilimtafuta mama huyo. Alikuwa amehamia Geita. Nilimkuta, nikamwomba msamaha. Akaniambia hakumbuki nilichohubiri, siku ile hakusikia neno lolote. Nilikuwa nimelibeba miaka 15 jiwe ambalo halikumpiga. Nilirudi na basi la usiku, na humo ndani ya basi nikaomba kwa mara ya kwanza kwa maneno yangu mwenyewe. Usiniulize yalikuwa yapi, yalikuwa machache.

Sasa hivi umestaafu. Hasa hasa unatumaini nini kwa kanisa? Tupe kitu cha kushika. (Kikundi cha wanawake, Njombe)

Akina mama, asanteni kwa kusema "kitu cha kushika".

Septemba 2016 tetemeko lilipotupiga Kagera, nyumba nyingi zikaanguka, na misaada ikaja tena, safari hii na mabati tena. Wakanifuata: mzee, unaaminika, kaa kwenye kamati. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba sitashika kalamu. Na orodha isomwe kwa sauti, chini ya mti, mbele ya watu wote, jina kwa jina, kabla ya lori kufunguliwa. Wengine waliona nawachelewesha. Ilisomwa. Majina mawili yakazomewa na yakaondolewa, na bibi mmoja asiyeandikwa akaandikwa. Hakuna aliyeanguka kwa Roho siku hiyo. Mimi niliondoka pale nikijisikia kama nimetoka kwenye mkutano wa Gahini.

Kwa hiyo natumaini Jumapili moja mchungaji kiongozi atasoma matumizi ya sadaka kwa kirefu kilekile anachosomea mapato. Natumaini kiwanja cha mjane ambacho mzee wa kanisa amekipandia mikaratusi kitarudi, na kitarudi kabla ya wakili. Natumaini mvulana naye atapiga magoti, au basi sote tuache kuwapigisha mabinti. Uchaguzi wa viongozi wetu siugusi leo; safu ina kikomo na shinikizo langu la damu pia.

Na natumaini itaanzia juu. Mwaka ule wa mabati, baada yangu, walikuja watu 11 kwa wazee wa kanisa ndani ya mwezi mmoja, kila mmoja na kitu chake. Mmoja alileta kengele ya shule. Sikuwa nimewahubiri neno, nilikuwa nimekaa benchi la nyuma nimefungiwa.

Mchungaji, yule uliyemwibia mabati bado yupo? (Wengi mmeuliza)

Alilala mwaka 1997. Nilimzika mimi, aliagiza hivyo. Mwezi mmoja kabla hajafa bado aliniita "mdaiwa wangu" mbele za watu, na walokole wenzake wakicheka.

Nyumba yake aliirithi mjukuu. Mwaka juzi aliezeka upya kwa bati za rangi, zile nyekundu, akaniletea kwa pikipiki mojawapo ya zile za zamani. Ina kutu mpaka katikati na matundu ya misumari yangu mibaya yanaonekana. Mke wangu aliitazama akasema inafaa banda la kuku. Ipo hapo. Nimeziba matundu kwa lami, lakini mvua ya kutoka ziwani ikipiga bado inapitisha tone pale kwenye kona, na tetea mmoja amekataa kabisa kutagia upande ule.